Chifu na Kibarua: Magobori Mawili na Kisima cha Sagalla

Bunduki iliyojazwa baruti maradufu, ikafyatuliwa, ikabaki nzima: je, imethibitika kuwa imara, au imeanza kupasuka mahali ambapo jicho halifiki? Swali hilo lilininyima usingizi nilipokuwa kijana mgeni kazini, hapa Voi, katikati ya miaka ya hamsini. Nilipolalia ubavu huu niliona imethibitika. Nilipogeukia ubavu wa pili niliona imepasuka. Kulipokucha nilikuwa na macho mekundu na bunduki mbili, na ilinipasa kuchagua. Nimestaafu mwezi uliopita, na swali lenyewe bado sijalipatia jibu.

Siku ile mliponiaga, vijana wangu, mliniomba niandike machache kuhusu kazi yetu ilivyokuwa zamani. Najua mlitaka habari za ndovu na majangili. Hizo mtazisikia kwa wengine wenye sauti kubwa kuliko yangu. Mimi nitaandika habari za magobori mawili na kisima kimoja. Gobori, kwa ambao hawajawahi kulishika, ni bunduki inayojazwa kwa mdomoni: unatia baruti, kisha kizibo, kisha risasi, na kushindilia yote kwa ufito uitwao mdeki. Fataki ndogo ya shaba huwekwa nyuma, mtambo huigonga, na kinachofuata hutegemea sana ulivyokuwa mtulivu wakati wa kujaza.

Nilifika ofisi yetu ya wanyamapori Jumatatu asubuhi nimevaa sweta. Kwetu Werugha hakuna anayetoka nyumbani asubuhi bila sweta, kwa sababu ya ukungu, na haikunijia akilini kwamba nikiteremka mlima baridi ingebaki huko juu. Nilikuwa nimehitimu chuo. Mfukoni nilikuwa na cheti, na begani mzigo wa vitabu vya wanyama wenye kwato, vyenye majina ya Kilatini niliyoyahifadhi yote. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na reli, na stoo nyuma yake. Treni ya mizigo ikipita, wino ulicheza ndani ya chupa. Mkuu wetu alikuwa Mzungu wa maneno machache ambaye watu walimwita Bwana Nyama, kama walivyowaita wenzake wote wa kazi ile. Alinionyesha meza, akanionyesha taipureta, kisha akamwita mzee mmoja kutoka stoo na kusema, "Mengine atakufundisha huyu." Ilinichukua muda kuelewa kwamba hayo mengine ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe.

Mzee huyo aliitwa Nzioka. Alikuwa Mkamba wa upande wa Kibwezi, askari wa wanyama tangu kabla ya vita. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo hakutumwa tena porini kupiga, akakabidhiwa ufunguo wa stoo. Alinitazama kwa lile jicho zima, akaanza na sweta.

"Hilo vua, kijana wangu. Wanyama wa huku watadhani wewe ni kondoo."

Somo la kwanza alinipa siku hiyo hiyo. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na bunduki mikononi mwa Mwafrika ilikuwa inatazamwa mara mbili. Magobori ambayo watu walinyang'anywa yalirundikana stoo yetu kama kuni. Nzioka alichomoa moja, akaniwekea mikononi.

"Imejaa au haijajaa?"

Niliitazama, nikainusa. Nikaeleza kwamba kwa kuwa hapakuwa na masizi kwenye mtambo, na kwa kuwa kutu ilionekana ya siku nyingi, uwezekano mkubwa ulikuwa kwamba...

"Karani," akanikatiza, "hapa hakuna uwezekano. Imejaa au haijajaa."

Akaangusha mdeki ndani ya mtutu. Ukalia kama kengele ya shule, chuma kwa chuma: tupu. Ukiangukia kizibo, alisema, hutoa mlio wa mguu unaokanyaga mchanga, na hapo ugeuze mdomo wa bunduki upande usio na mtu. Nilipenda sana jambo hilo. Nilikuwa nimeishi miaka mingi na maswali yasiyo na mlio wowote, na sasa nilipata moja unaloweza kuliuliza kwa fimbo. Wiki nzima nilipita stoo nikiangusha mdeki kila mtutu. Nikaupata mmoja ambao Nzioka aliapa ni mtupu, nao ukanijibu kwa mlio wa mchanga. Tulipoufukua tulitoa konzi nzima ya udongo mkavu: nyigu walikuwa wamejenga ndani. Kuanzia siku hiyo Nzioka alinipa ufunguo wa akiba.

Katika rundo lile magobori yaliyofaa kazi yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalikuwa na majina. La kwanza liliitwa Chifu. Mtutu wake ulikuwa mfupi, mnene, wenye pembe nane, na ndani ulichongwa mifereji inayozunguka kama meno ya skrubu, ili risasi itoke ikizunguka na kwenda inakotumwa. Risasi yake ilivikwa kitambaa kilichopakwa mafuta ya kondoo, kisha ikapigwapigwa kwa nyundo ya mti mpaka ikaingia. Kulijaza kulikuwa kama kumvisha mtoto mkaidi kiatu kipya. La pili liliitwa Kibarua. Lilikuwa refu, jembamba, jepesi, laini ndani kama bomba, na kitako chake kilipambwa kwa misumari ya shaba. Risasi iliteremka yenyewe na kuzuiwa na kizibo tu. Karibu na mtambo, mahali ambapo baruti hulipuka, mtutu ulikuwa umezungushiwa waya wa shaba, safu juu ya safu, kwa ustadi wa hali ya juu.

"Huo waya ni pambo au ni bandeji?" nilimuuliza Nzioka.

"Aliyeufunga hakuacha maelezo."

"Tuufungue tuone."

"Ukiufungua ukakuta ufa, utakuwa na bunduki mbovu. Ukiufungua usikute ufa, utakuwa na bunduki isiyo na waya. Sasa hivi una bunduki inayopiga. Iache."

Kuhusu mwenendo wa magobori hayo alikuwa na maelezo mafupi: Chifu huchelewa kufika barazani, lakini akisema amesema, Kibarua hufika mapema, hupiga kelele nyingi, na hakuna ajuaye amefanya nini.

Risasi tulitengeneza wenyewe. Mabehewa ya mizigo yalifungwa kwa lakiri za madini ya risasi, na yakifunguliwa stesheni lakiri hizo zilitupwa kando ya reli. Tuliziokota jioni, tukaziyeyusha kwenye sufuria pamoja na bati kidogo ili ziwe ngumu, tukamimina kwenye kalibu. Kipimo cha baruti alinifundisha hivi: weka risasi kwenye kiganja, mwagia baruti mpaka risasi isionekane, basi. Mimi nilipima kwa mizani ya barua, mara nyingi, nikakuta kiganja cha Nzioka na mizani havipishani kwa kitu cha maana. Kiganja changu ndicho kilichopishana na vyote viwili, kwa sababu kilitoka jasho.

Mwisho wa kiangazi kimoja kirefu, Mghanga na mkewe Wakesho waliteremka kutoka Sagalla wakaja ofisini. Mghanga alikuwa mtu wa makamo, mkulima, aliyepigana Burma wakati wa vita. Wakesho alikuwa amebeba debe tupu kichwani na hakulitua hata nilipompa kiti.

Habari waliyoleta ilikuwa hii. Nyati dume alikuwa amenaswa mguu na tanzi la waya, waya wa ua wa shamba la mkonge, akaukata na kuondoka nao. Kwa mguu uliooza hakuweza kwenda mbali, basi akahamia kwenye korongo lililo chini ya nyumba zao, penye kichaka, kivuli na kisima. Kisima hicho ndicho pekee kilichobaki na maji upande ule wa kilima. Mzee mmoja aliyejaribu kuchota alivunjwa mbavu. Sasa wanawake walikuwa wakitembea mpaka Voi kuomba maji kwenye tangi la reli, na askari wa tangi alikuwa na siku zake nzuri na siku zake mbaya.

"Bwana Nyama yuko wapi?" akauliza Mghanga.

Bwana Nyama alikuwa upande wa Galana, amekwenda na askari wote na bunduki zote za kisasa. Nilimpelekea habari kwa dereva wa lori. Lori liliporudi lilileta jibu la mdomo, na dereva alilisema mbele ya watu wote, akiwa bado ameshika usukani: Mghanga aazimwe gobori moja, kwa kuwa anajua kupiga, karani achague lipi, na karani asimsumbue tena.

Karani achague. Ninyi ambao mmeniona nikikaa na faili moja mpaka chai ikapoa mnaweza kukisia hali yangu.

Mghanga mwenyewe alitaka Kibarua. "Baba yangu alikuwa na kama hili," alisema, akilinyanyua kwa mkono mmoja. Gobori la Chifu alilijaribu, akalishusha. Bega lake la kushoto liliharibiwa vitani na mkono haukupanda vizuri. "Nusu ya bega hili iko Burma. Huyu mzito atanimaliza kabla ya nyati."

"Lakini Kibarua halilengi vizuri ukiwa mbali," nikasema.

"Sitakuwa mbali."

"Na ule waya yawezekana unaficha ufa."

"Yawezekana."

"Mtutu ukipasuka, utapasukia usoni kwako."

Mghanga akacheka. "Karani, Burma nilipewa bunduki mlangoni mwa meli. Hakuna aliyekaa chini kunihurumia namna hii."

Mimi sikuweza kucheka. Nilijua kwamba lolote nitakalompa ndilo atakaloshika mbele ya nyati, na kwamba mimi nitakuwa mezani nikipiga taipu. Kwa hiyo niliamuru jaribio. Tulikwenda kwenye mchanga wa Mto Voi, ambao wakati huo wa mwaka ulikuwa mto kwa jina tu. Tukafunga kila gobori kwenye gogo, tukalijaza baruti maradufu, na kuvuta kifyatulio kwa kamba ndefu tukiwa tumelala nyuma ya ukingo. Kabla ya hapo nilichora mstari wa penseli juu ya waya wa Kibarua, kutoka safu ya kwanza mpaka ya mwisho, ili nione kama utasogea.

Chifu lililipuka kwa kishindo na kubaki kama lilivyokuwa. Kibarua likalipuka, likaruka na gogo lake, nalo likabaki. Nilikimbia kutazama mstari wangu. Safu mbili za katikati zilionekana zimepishana kwa kiasi cha unywele. Au labda mkono wangu ulitetemeka wakati wa kuchora. Nilipiga magoti nikitafakari hilo mpaka Nzioka alipopiga kelele.

"Karani! Moto!"

Kizibo cha Kibarua kilikuwa kimeruka mpaka nyasi za ukingoni, kikiwa na kaa ndani yake. Nyasi zilishika moto kwa muda wa kupenga kamasi. Tulizipiga kwa magunia na kwa kofia ya Nzioka, na kofia haikufaa tena kwa Jumapili.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sisi wa huku tulikuwa tumeliona maisha yetu yote bila kulitazama. Pwani watu huziba magobori kwa makumbi ya nazi, kwingine kwa magome. Sisi tuliziba kwa katani, nyuzi za mkonge. Nani angeziba kwa kitu kingine? Katani ilianguka kutoka malori ya Mwatate, ikanasa kwenye miiba kando ya barabara, ikaokotwa stesheni bure. Mzee akienda kuwinda aling'oa kishungi njiani kama anayechuma mboga. Ikiwa mvua imenyesha, hakuna neno. Lakini katani ikiungua huwa haitoi mwali. Hushika kaa ndani kwa ndani na kusubiri. Na korongo la kisima, kwa maelezo ya Mghanga, lilikuwa na nyasi kavu kutoka majini mpaka kwenye matuta ya mahindi, na juu ya matuta zilikuwa nyumba za nyasi.

"Tumetumia katani siku zote," alisema Nzioka, akitazama kofia yake.

"Ndiyo, mzee."

"Basi Kibarua limejitoa lenyewe. Mpe Chifu."

Lakini Chifu lilikuwa na ubaya wake, na huo nao haukuniacha. Kitambaa chake chenye mafuta tulikikuta mchangani kimeungua pembe tu, kimezima. Moto haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba Chifu ni risasi moja. Ya pili ingetaka nyundo, mafuta, pumzi na nafasi, na nyati aliyejeruhiwa hatoi hata kimoja. Kibarua, kwa mkono uliozoea, hujazwa tena upesi. Kwa hiyo nilikuwa na gobori lililolenga vizuri lakini lisingeweza kusema mara ya pili, na jingine ambalo lingeweza kusema mara ya pili lakini lingeteketeza mji wa watu.

Jioni ile, nikiwa nachochea makaa ya chai, nilikumbuka nyumba yetu Werugha. Usiku wa baridi tulilala karibu na jiko, na kaa likiruka juu ya blanketi la mama lilinuka kama nywele zinazoungua, likafa papo hapo. Lile lilikuwa la sufu. Nilikwenda stoo, nikachukua kishungi cha katani na uzi wa blanketi la sufu la Nzioka, la serikali, nikaweka kaa juu ya kila kimoja. Katani ilishika na kuwaka ndani kwa ndani. Sufu ilinuka, ikajikunja, ikazima. Tukarudia, tukarudia tena. Nzioka akatoa kisu, akakata pembe ya blanketi lake mwenyewe.

"Baridi ikija," alisema, "nitakuja kulala kwako."

Mngedhani nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipofika kitandani. Halafu nikaelewa kwamba kwa kuondoa tatizo la moto nilikuwa nimeyarudisha magobori yote mawili mezani, sawasawa, na mstari wangu wa penseli katikati yao.

Siku iliyofuata niliyapima tena. Nilipima uzito, nikapima urefu wa mikono ya Mghanga, nikauchunguza waya kwa kioo cha kukuzia. Nilikuwa nimeyalaza magobori mezani nikitoka upande huu na kwenda upande ule, Wakesho alipotokea mlangoni na debe lake. Debe lilikuwa na maji nusu.

"Karani, unaichagua hiyo bunduki au unaichumbia?"

Nzioka akageukia ukutani.

"Mama, ni jambo la kufikiri," nikasema. "Yawezekana..."

"Debe lilikuwa limejaa. Askari wa tangi amenimwagia nusu, anasema maji ni ya treni. Nina watoto na mama mkwe. Nikifika juu litabaki robo." Hakupaza sauti. "Huyo mume wangu, usipompa bunduki, atakwenda na upinde wa babake. Ameshaushusha darini. Nimemwona akiupaka mafuta. Kwa hiyo niambie siku. Hata kama ni uongo, sema siku nipate kumzuia."

Kabla ya hapo nilikuwa nadhani kwamba kuchelewa kwangu hakumdhuru mtu. Nilidhani hatari zote ziko upande wa kuamua.

"Kesho asubuhi," nikasema.

"Bunduki gani?"

"Kesho asubuhi, mama."

Usiku huo ndio ule nilioanzia habari hii. Nikifikiria waya, nilimwona Mghanga bila uso. Nikifikiria Chifu, nilimwona Mghanga na mdeki mkononi, nyati juu yake. Kulipokaribia kupambazuka niliona kwamba katika picha zote mbili kulikuwa na Mghanga peke yake, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimemweka hivyo. Bwana Nyama alisema Mghanga aazimwe moja. Hakusema la pili libaki stoo. La pili lingeweza kutoka na mfanyakazi wa ofisi, kazini, na ofisini mfanyakazi mwenye macho mawili mazima alikuwa mmoja. Na kuhusu ule waya: kama mtu mmoja alikuwa lazima aweke shavu lake karibu na shaka ile, ilikuwa haki awe yule ambaye shaka ni yake.

"Chifu kwa Mghanga," nilimwambia Nzioka alipofungua stoo. "Tumkatie mti wa panda aegemeze mtutu, bega lisibebe. Kibarua nabeba mimi."

"Umewahi kupiga nini na Kibarua?"

"Gogo."

"Gogo halikimbii."

"Ndiyo sababu nitangoja afike karibu."

Nzioka alichukua risasi, akaiweka kwenye kiganja changu badala ya chake, akamimina baruti mpaka ikafunikwa. Nikajaza mwenyewe: baruti, sufu, risasi, sufu. Nilishindilia mpaka alama ya mdeki ilipolingana na mdomo wa mtutu, maana risasi iliyosimama njiani, mbali na baruti, hupasua hata mtutu usio na waya. Nzioka aliangalia alama, kisha akaiangalia tena. Nilifarijika kuona si mimi peke yangu.

Tulifika Sagalla upepo ukiwa bado unateremka kutoka kilimani, nasi tukazunguka tukaja kwa chini, ukatupiga usoni. Wanawake walikuwa wamekaa juu kwenye matuta, madebe yamepangwa mbele yao, kimya kama kanisani. Mghanga alichomeka panda yake ardhini mahali ambapo korongo hupanuka, akaegemeza Chifu, akajaribu shavu. "Hivi naweza," alisema, kana kwamba anajibu swali la mwaka mzima. Mimi nilisimama nyuma yake upande wa kulia. Nzioka alikuwa nyuma yangu na pembe ya baruti.

Nyati alitoka kichakani bila haraka, akiburuta mguu, waya ukikwaruza mawe. Nilikuwa nimejifunza jina lake la Kilatini. Vitabu havikusema kwamba utasikia harufu yake kabla ya kumwona. Alisimama kando ya maji, akainua pua.

Chifu likasema.

Moshi wa baruti ile ni mweupe na mzito. Hufunga mbele yako kama shuka lililoanikwa. Niliona nyati akipiga magoti, kisha sikuona kitu. Nikasikia mawe yakisogea. Anaanguka au anainuka? Mghanga alikuwa tayari ameshika mdeki, na nilimsikia akisema kwa meno yaliyobana, "Piga, Karani. Piga!"

Nipige nini? Moshi? Nilikuwa na risasi moja, na Kibarua halijui shabaha mpaka kitu kiwe karibu. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuvuta, nami nikakikatalia. Kwato zilikuja. Nikaona pembe kwanza, zikitoka kwenye moshi, halafu paji la uso, halafu kifua kikiwa kimefunguka kwa sababu mguu ule mbovu ulimpindisha. Nikangoja hatua moja zaidi. Nikaweka shavu kwenye kitako, juu ya misumari ya shaba, karibu na waya, nikavuta.

Kichwa changu kilijaa kishindo. Nilipofungua macho nilikuwa nimekaa chini. Niligusa uso, nikaukuta wote. Mghanga alikuwa amesimama bado, mdeki nusu ndani ya mtutu. Nyati alikuwa amelala mbele ya panda, ubavu mmoja ndani ya tope la kisima, hatikisiki.

Wanawake juu ya matuta walisimama wote pamoja.

"Amekufa?" Ilikuwa sauti ya Wakesho.

Mghanga akamtazama Nzioka. Nzioka, kwa jicho lake moja, akanitazama mimi. "Wewe ndiye ofisi," alisema. "Sema wewe."

Nilijaza Kibarua tena kwanza. Kisha nikamwendea mnyama kwa nyuma, upande wa mgongo, nikanyoosha mdeki wa Mghanga mpaka ukagusa mboni ya jicho. Mnyama aliye hai, hata akiwa na pumzi moja, hupepesa. Niligusa mara ya kwanza. Niligusa mara ya pili. Nilitaka kugusa ya tatu, na ya nne, na kusubiri jua lipande kidogo, na kumwuliza Nzioka kama amewahi kuona nyati asiyepepesa akainuka. Huko juu watu walikuwa wameshika madebe kwa mikono yote miwili, wakingoja neno langu. Kama ningekosea, mguu wa kwanza kuingia kisimani ungekuwa wa mama mwenye watoto.

Nikauondoa mdeki kwenye jicho, nikageuka nikawatazama.

"Teremkeni," nikasema.